Nanunua maua ya kudumu lakini hayadumu

SWALI: Shikamoo Mama Bustani. Nilichoka na maua ya msimu, yale unapanda baada ya miezi michache yamekauka unaanza upya, nikaambiwa ninunue ya kudumu. Nikachukua lavenda na agapanthasi nikazipanda pamoja mbele ya nyumba, juani, samadi nimeweka ya kutosha na kila jioni namwagilia. Sasa lavenda imeoza kuanzia chini, agapanthasi majani kibao ila mwaka unaisha sijaona hata ua moja. Ning'oe? Na mimea ipi ni migumu kweli? – Mpenda Maua

JIBU: Marahaba mwanangu. Agapanthasi usiiguse kabisa! Haiumwi. Mmea wa kudumu mwaka wa kwanza kazi yake kubwa iko chini, unatengeneza mizizi, na agapanthasi inaweza kuchukua hata miaka miwili mitatu ndo itoe maua vizuri. Halafu hiyo samadi punguza, ikizidi inasukuma majani tu.

Lavenda pole sana, ila hiyo imekufa kwa kuhudumiwa kupita kiasi. Asili yake ni vilima vya mawe vya Mediterania, jua kali na udongo mkavu usio na rutuba nyingi, wewe umeipa samadi na maji kila siku, lazima ioze. Ndo maana mtu akiniuliza mmea gani mgumu mimi namuuliza mgumu kwa kitu gani, maana mshubiri unavumilia ukame vizuri tu lakini maji yakituama unaoza, na kana, lile ua la majani mapana, inapenda unyevu ambao ungeua lavenda wiki chache tu. Kwa hiyo ujue udongo wako kwanza kabla hujaenda kitaluni, maana ukifika kule utachagua kwa kuangalia ua, na ua halikwambii chochote kuhusu mizizi.

Kupima ni rahisi, chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena halafu angalia. Yakinywewa ndani ya saa chache una uhuru wa kuchagua lavenda, rozimeri, mshubiri. Yakilala hadi kesho yake hapo panda kana, au inua tuta kwanza. Na tafadhali usichimbe shimo kwenye udongo wa mfinyanzi ukalijaza mchanga ukadhani umemaliza, maji ya pembeni yote yatakimbilia humo na mmea utakaa kama kwenye bakuli.

Kumwagilia, mche mpya usiuache ukauke miezi ya mwanzo, ila chomeka kidole kwanza, kama chini bado kuna unyevu acha. Ukimwagilia mwagilia kwa wingi maji yashuke ndani, kisha kaa siku kadhaa, hiyo ya kidogokidogo kila jioni inafanya mizizi ibaki juujuu na ukame ukija mmea hauna pa kushika. Matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, weka sentimita 5 hivi, yasiguse shina.

Lantana utaambiwa ni ngumu, kweli ni ngumu, ila sehemu nyingi inatoroka bustanini inavamia mapori na mifugo ikiila inadhurika, mi siipendekezi.

Hiyo agapanthasi miaka ikipita ikibanana sana na maua yakapungua, subiri imalize kuchanua, ichimbue, ikate kwa kisu kikali kila kipande kiwe na mizizi na chipukizi lake, upande siku hiyohiyo.