Jibu: Haibridi-tii kwa bustani ya Mukono, tazama jani kabla ya ua

Dada wa Mukono, hapa Uganda, nimesoma swali lako na majibu yaliyotangulia. Kwa atakayeingia hapa bila kurudi juu: dada amejenga, ana kipande mbele ya nyumba kinachopigwa na jua tangu asubuhi, na anataka mawaridi sita ya haibridi-tii, yale ya ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu. Ameona picha za Double Delight, Papa Meilland na Peace zikamteka, na mwishoni akauliza kama ipo ya njano isiyosumbua. Mmoja kamjibu apande nyekundu yoyote, mwingine kamwambia apige dawa kila Jumamosi, mambo yataisha.

Nianze na hilo la dawa kila Jumamosi. Waridi linalohitaji dawa kila wiki ili libaki na majani tu, hilo si la Mukono, hata liwe na ua la kumtoa mtu machozi. Mimi niko upande wa Kajjansi, nimepanda mawaridi miaka mingi, na kila aina niliyoing'oa ilikuwa na ua zuri. Ua zuri haibridi-tii zote zinalo, tangu ile ya kwanza, La France ya Guillot iliyotoka Lyon mwaka 1867. Kinachozitofautisha huku kwetu ni jani lake linavyohimili unyevu, na tumba lake linavyopokea mvua.

Adui mkubwa wa kandokando ya Ziwa Victoria ni madoa meusi, ugonjwa wa majani unaoletwa na ukungu. Vimelea vya ukungu ule vinataka jani libaki limelowa saa kama saba mfululizo, na joto la nyuzi 18 hadi 24 hivi. Sasa niambie ni usiku gani wa Aprili ambao Mukono haitoi vyote viwili! Mvua za ziwani mara nyingi hushuka usiku au alfajiri, jani linakutwa na maji gizani na halikauki mpaka jua lipande. Wazungu waliozalisha aina hizi walizipima Ulaya na California, kwenye baridi ya kweli inayopukutisha majani, au kiangazi kisicho na tone la mvua. Kwetu waridi halilali mwaka mzima, na ukungu nao haulali.

Tuje kwenye orodha yako. Papa Meilland iache. Harufu yake haina mpinzani, sikatai, ila ni dhaifu kwa ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga juu ya jani) na majani yake hayana nguvu. Habari njema ni kwamba ina ndugu wa damu: Mister Lincoln ya mwaka 1964 imetoka kwa wazazi walewale wawili, Chrysler Imperial na Charles Mallerin. Nyekundu ileile ya kukolea, harufu inayokaribiana nayo sana, na mti wenye nguvu zaidi. Unakwenda juu, huku kwetu unampita mtu kimo kama hukuushika kwa mkasi, kwa hiyo uweke nyuma au karibu na dirisha la sebuleni ambako harufu itaingia ndani. Madoa meusi utayaona, lakini mti una uwezo wa kutoa majani mapya haraka.

Double Delight (1977) nakupa kwa masharti. Ile nyekundu ya pembeni mwa petali huletwa na jua lenyewe. Ukiipanda chini ya mwembe utabaki na ua la krimu na utasema kitalu kimekuibia. Kwako jua lipo, hilo limepita. Shida yake ni magonjwa ya ukungu. Panda mmoja tu, sehemu yenye upepo, na usiweke mkabala na mlango mkuu, maana kuna wiki utaukuta una maua matatu ya kupendeza juu ya vijiti vitupu.

Kuhusu Peace, hapa nitakaa kidogo. Ni waridi maarufu kuliko yote, la Francis Meilland wa Ufaransa, lilipewa jina hilo Marekani tarehe 29 Aprili 1945, na kila mwenye kitabu cha maua anayo picha yake. Lakini picha hizo zimepigwa kwenye baridi. Shemeji yangu yuko Kabale, na mti wake na wangu ulibebeshwa kwa macho ya tawi moja, yaani vichipukizi vyake vilipachikwa kwenye mizizi ya waridi jingine. Kwake, mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku unaoshuka hadi nyuzi 10 au 11, ua linafunguka polepole, linajaza kiganja, na pindo za petali zinashika pinki ya kweli. Kwangu linafunguka haraka, dogo kuliko lake, na likipigwa na jua la saa nane njano yake inafifia ikabaki krimu. Mti mmoja, nchi moja. Tazama pia mashamba ya biashara yalivyojipanga: yetu yako kandokando ya Ziwa Victoria, mita 1,200 hivi, na sehemu kubwa yamejikita kwenye mawaridi ya ua dogo, ilhali yale ya ua kubwa yanatoka Kenya na Ethiopia, kwenye nyanda za juu. Wataalamu wetu si wajinga, ni joto tu: usiku ukiwa wa vuguvugu tumba linakimbia kufunguka kabla halijanenepa.

Halafu Peace ina petali arobaini na ushee, na hapo ndipo mvua inapoingia. Tumba lenye petali nyingi likinyeshewa siku mbili, petali za nje zinagandana. Jua likitoka zinakauka na kuwa kama ganda la kitunguu, na ndani ua linaoza likiwa limefungwa. Ukilibonyeza linatoa maji ya kahawia. Mawaridi yenye petali thelathini au pungufu yanapona mara nyingi. Kwa hiyo wasomaji wa Kabale, Kisoro na Kapchorwa, Peace ni yenu, na Just Joey pia jaribuni. Wa Mukono, Entebbe, Jinja: Peace moja ya mapenzi, basi.

Ningekuwa mimi ndiye mwenye hicho kipande chako, sita zangu zingekuwa hivi. Mister Lincoln moja. Pascali mbili: nyeupe, ua la wastani, linavumilia mvua kuliko nyeupe nyingi. Ingrid Bergman moja, nyekundu ya Poulsen wa Denmark. Harufu karibu hakuna, lakini jani lake ni gumu, linang'aa, na mwezi wa Mei bado linakuwa juu ya mti. Queen Elizabeth moja nyuma kabisa, ingawa wenye vitabu wanaiweka kundi jirani la grandiflora, yale ya maua makubwa yanayotoka kwa vishada. Wabishane wenyewe, mimi najua haifi. Ya sita Double Delight, maana moyo wako uko huko na bustani ni yako.

Sasa utasema, majina hayo nitayapata wapi? Kweli, vitalu vya kando ya barabara vinauza kwa rangi: "hii nyekundu, hii ya pinki, madam." Baadhi ya wenye vitalu wanajua majina ukiwauliza vizuri, wengi hawajui. Kuagiza nje kunataka kibali cha Wizara ya Kilimo, Entebbe, na cheti cha afya ya mmea kutoka kule inakotoka. Usipakie miche kwenye begi ukitegemea bahati ya uwanja wa ndege. Njia rahisi ni kuomba vijiti vya kubebesha kwa mwenye mti unaojulikana. Aina kongwe kama Peace, Mister Lincoln na Queen Elizabeth haki za waliozizalisha zimekwisha zamani, kwa hiyo hakuna atakayekudai.

Kama jina halipo, chagua kwa macho, na siku ya kwenda kitaluni ni kesho yake baada ya mvua kubwa. Mwenye kitalu hatakuwa amepata nafasi ya kuondoa maua yaliyoharibika. Pita kwanza ukitazama maua: yapi yamegandana, yapi yamejikung'uta yakafunguka. Kisha piga goti. Majani ya juu hudanganya, ni mapya. Shika jani la chini kabisa, la karibu na udongo, ligeuze pande zote mbili. Doa jeusi la ugonjwa halina ukingo uliokatika sawasawa, limechanikachanika pembeni, na jani linalizunguka kwa njano. Doa moja moja si neno. Mche uliobaki na majani ya kilele tu, chini vijiti, urudishe hata kama ua lake linakuita. Jani nene linalong'aa mara nyingi huvumilia kuliko jani jembamba lisilo na mng'ao. Si sheria, ila mimi limenisaidia.

Ukiwa bado umepiga goti, tafuta kinundu pale mche ulipobebeshwa. Mashamba ya ukanda huu hupenda kubebesha kwenye Natal Briar, waridi la kutoa mizizi tu, ambalo mizizi yake inastahimili joto na udongo wetu. Miche ya vipandikizi tu, isiyobebeshwa, inafaa kwa aina zenye nguvu kama Queen Elizabeth. Haibridi-tii legelege juu ya mizizi yake yenyewe itakusinzia tu. Ukishapanda, maotea yanayotoka chini ya kinundu yang'oe kwa mkono kutoka yanakoanzia, usiyakate kwa mkasi, maana yatarudi mawili.

Nafasi: wacha karibu mita moja kati ya mti na mti. Najua kitabu kinasema sentimita 60, hicho ni cha miti inayolala miezi mitano. Hewa ikipita kati yake jani linakauka mapema, na umeshapunguza nusu ya kazi ya dawa. Samadi iliyooza, matandazo ya maganda ya kahawa (yaliyokaa, si yale ya moto kutoka kinuni), na maji mwagia chini, usilowanishe majani. Dawa ya ukungu tumia misimu ya mvua, ukibadilisha aina ili ukungu usizoee, na upulize chini ya jani pia. Majani yaliyodondoka yaokote uyachome.

Kupogoa ndiko kutakakokupa maua wakati yanapoonekana. Kutoka mkasi hadi ua ni wiki 6 hadi 8 kwa joto letu. Pogoa katikati ya Novemba, maua yanakutana na ukavu wa Januari. Pogoa mwanzoni mwa Mei, yanafunguka mwisho wa Juni. Usikate hadi magotini kama wanavyofanya Ulaya, theluthi moja inatosha. Faida nyingine ya Januari ni kwamba watoto wa majirani wanahitimu, mtaa mzima utakuja kuomba maua, na kwanjula (sherehe za Waganda za kumtambulisha mchumba kwa wazazi) zikianza utakuwa shangazi wa kila mtu. Jiandae.

Sasa ile njano. Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo ngumu. Mwaka 1900 Joseph Pernet-Ducher wa Lyon alitoa Soleil d'Or, aliyoipata kwa damu ya waridi la njano la Uajemi, na njano kali ya mawaridi mengi ya kisasa imepita njia hiyo. Pamoja na rangi, waridi lile lilileta udhaifu mkubwa kwa madoa meusi, kwani kwao ni pakavu. Ndiyo maana ukipita kitaluni mwezi wa Mei, njano na shaba ndizo za kwanza kuwa uchi. Wazalishaji wamejitahidi, Elina, ya Dickson wa Ireland ya Kaskazini, ni njano hafifu inayoelekea krimu na jani lake ni imara, ukikutana nayo ichukue na uondoe Pascali moja kwenye orodha yangu. Lakini njano ile ya kukolea uliyoweka kwenye picha, huku kwetu utaikuta inakutumikisha wewe. Kama ni rangi tu unaitaka, weka alamanda, ule mmea wa kutambaa wa maua ya njano, kwenye ukuta, itachanua mwaka mzima bila hata kopo la dawa, na mawaridi yaachie nyekundu na nyeupe.