Barua kwa Mwanangu: Sahani ya Lusekelo

Uyole, Mbeya

Mwanangu Atupele,

Umeniuliza kama umpunguzie Lusekelo ugali, maana nesi amesema uzito umezidi kwa mtoto wa miaka 9. Acha nianzie mezani kwenu, sahani yake itafuata. Nyumba ikibadilika, mtoto anafuata.

Unaikumbuka ile Krismasi ya Tukuyu, shangazi yenu alipomnyang'anya Tumpe sahani mbele ya wageni, akimwita bonge? Jioni mlimkuta stoo, nyuma ya magunia, anakula maandazi huku analia. Mpaka leo naumia. Mtoto alikuwa na njaa, akafundishwa kula kwa kujificha. Ndiyo maana sitaki Lusekelo atengewe kasahani kake. Ninyi pangeni kipikwe nini na kiliwe saa ngapi, naye aamue ameshiba lini. Najua utasema, "Mama, huyu hashibi." Huenda hashibi kweli, lakini atashibaje akila macho yake yakiwa kwenye televisheni?

Anza na unga. Dona ina pumba na kiini, inashibisha kuliko sembe. Wakigoma, changanya kikombe 1 cha dona na 2 vya sembe, kisha ongeza dona taratibu. Inakunywa maji zaidi, kwa hiyo uji wake uutokose vizuri kabla ya kusonga. Ukiharakisha, ugali unakuwa na chengachenga na watoto wataususa. Usisage gunia zima. Kile kiini kina mafuta, unga ukikaa sana unakuwa mchungu. Saga wa wiki 2 au 3.

Mafuta pima kwa kijiko cha chakula, usimimine kutoka kwenye dumu. Vijiko 2 vinatosha sufuria ya figiri au chainizi ya watu watano. Siku yenye parachichi, hata kijiko 1. Soda ya nusu lita ina sukari kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Na chai yenyewe? Nilitaka kuandika muache sukari kabisa. Hapana, baridi ya huko kwenu Iringa mwezi wa saba naijua. Kijiko 1, basi.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa umri wake apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuchezesha mwili hadi pumzi iende mbio. Si lazima kwa mkupuo. Zake zinaliwa na bodaboda. Asubuhi apande, mtaani kwenu Kihesa kuna baridi. Mchana arudi kwa miguu na wenzake. Jumamosi saa nne, jua likishatoka, pandeni wote jiwe la Gangilonga. Baba yake akibaki kwenye kochi, mtoto ataona kupanda mlima ni adhabu ya wanene. Narudia: nyumba ikibadilika, mtoto anafuata.

Kreti ya soda ya mkwe wangu ni mambo yenu wawili, sisemi kitu. Ila ungeniuliza mimi, isingeingia tena ndani.

Mpeleke kliniki baada ya miezi 3, wampime urefu na uzito pamoja. Bado anarefuka, kwa hiyo usimlazimishe kupungua kilo. Mara nyingi uzito ukisimama palepale huku kimo kinapanda, inatosha.

Mama yako