Kokoro limekamatwa, kesi imekufa: tatizo liko wapi?

Msomaji wa pwani ya kusini mwa Tanga ameniandikia: BMU yao, yaani kikundi cha wanakijiji cha kulinda uvuvi ufukweni, ilikamata kokoro (wavu wa kukokota), na mwezi haukwisha likarudi majini. Anataka sheria ibadilishwe. Jamani, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni za 2009 zilishakataza kokoro na baruti. Panapovuja ni kwenye sheria ndogo ya kijiji na kwenye vielelezo, yaani vitu vinavyopelekwa mahakamani kama ushahidi.

Sheria ndogo huandaliwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Wengi huishia mkutanoni, wakagonga muhuri na kuanza kutoza faini. Hiyo bado ni rasimu! Ipelekeni wilayani, mkiambatisha muhtasari wa mkutano na mahudhurio yenye sahihi.

Mkifunga mwamba wa pweza, yaani kuzuia uvuvi hapo kwa muda ili wakue, msiandike "eneo la mwambani". Andikeni vipimo vya GPS vya kila pembe, tarehe ya kufunga na ya kufungua. Ufunguzi uangukie bamvua, maji yatoke mbali, kina mama nao wafike kwa miguu. Miezi mitatu inaleta tofauti kwa kuwa pweza hukua upesi. Kwa chewa msitarajie hivyo. Mizani iwepo ufukweni, maana pweza wa chini ya gramu 500 haruhusiwi, na kukisia kwa mkono huzua ugomvi.

Sasa vielelezo, ambako kesi nyingi huzama. Samaki wa baruti apasuliwe mbele ya mashahidi: kifuko cha hewa kimechanika, uti wa mgongo umevunjika, damu imevilia tumboni. Kifuko peke yake hakitoshi, kwani hata samaki wa mshipi aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu huweza kupasuka. Ripoti aiandike afisa uvuvi. Samaki wawekeni kwenye barafu, wapimeni, wapigeni picha, kisha ombeni amri ya hakimu ya kuwauza au kuwagawa kabla hawajaoza.

Wavu nao msiuchome kwa hasira. Ukichomwa bila amri ya mahakama, mtapeleka majivu kizimbani. Andikeni namba ya chombo, saa na mahali. Kila anayepokea kielelezo asaini, hata kama ni shemeji yenu.

Kama kuna la kurekebisha, ningeanza na rasimu zinazolala mezani wilayani. Kijiji kipate jibu la maandishi kabla msimu wa upepo wa kaskazi haujaanza, bahari ikatulia na vyombo vyote vikashuka.