Anayeanza Chumba cha Upasuaji Aanze na Hesabu

Mmeuliza wiki hii: muuguzi wa kujitolea anayeingia chumba cha upasuaji kwa mara ya kwanza ashike lipi kwanza? Wengi watasema majina ya vifaa. Hayo huja yenyewe kadiri anavyovishika. Mimi nasema aanze na kuhesabu, tena kwa sauti.

Mgeni kwa kawaida hupewa kazi ya kuzunguka: kufungua pakiti, kuleta nyuzi, kuandika ubaoni. Huonekana kazi ndogo, kumbe hesabu yote iko mikononi mwake. Gozi, yaani vitambaa vya kufyonza damu, huhesabiwa moja moja, watu wawili wakitazama pamoja, ili isisahaulike hata moja ndani ya mgonjwa. Msiamini maandishi ya pakiti. Ya gozi 10 huweza kutoka na 9. Pakiti kama hiyo itolewe nzima chumbani kabla mgonjwa hajapasuliwa. Hesabu hurudiwa kabla ya kufunga tumbo, kisha kabla ya kufunga ngozi, na kila wauguzi wanapopokezana. Gozi isikatwe vipande, na zote ziwe na ule uzi unaoonekana kwenye eksirei.

Kosa huzaliwa damu inapotoka kwa kasi. Daktari anadai gozi, pakiti inafunguliwa, na hakuna anayeandika. Ndiyo maana kila nyongeza iandikwe papo hapo. Hesabu isipotimia, mwambie daktari kabla hajafunga. Tafuteni sakafuni, kwenye ndoo, kwenye mikunjo ya mashuka na ndani ya jeraha. Isipopatikana, mgonjwa apigwe eksirei kabla ya kutolewa chumbani. Wageni wengi huona haya kumkatiza daktari. Hapo hakuna haya, kuna uhai wa mtu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyozinduliwa mwaka 2008, inataka kila mmoja ataje jina na kazi yake kabla ya ngozi kukatwa. Usilipite tendo hilo kwa kunong'ona: aliyekwisha kusikika mara moja husema kwa urahisi mambo yanapoharibika.

Gozi zenye damu zipimwe kwenye mizani. Toa uzito wa gozi kavu. Kila gramu 1 inayobaki ni takriban mililita 1 ya damu iliyopotea, na mtaalamu wa usingizi anaihitaji namba hiyo.

Kuhusu usafi, kaa angalau sentimita 30 kutoka meza ya vifaa vilivyotakaswa, wala usipitishe mkono juu yake. Pakiti yenye unyevu ikataliwe hata kama utepe wake umebadilika rangi. Utepe unathibitisha tu kwamba pakiti ilipita kwenye joto, lakini unyevu hupitisha vijidudu kwenye kitambaa. Dawa ya ngozi yenye spiriti iachwe ikauke, si chini ya dakika 3, kabla ya kutandika mashuka; mvuke wa dawa ukinaswa chini ya mashuka, cheche ya mashine ya umeme ya kukatia na kuzuia damu huweza kuwasha moto.

Ukianza kutoka jasho na masikio kuvuma, usijikaze. Sema, rudi nyuma, kaa sakafuni. Anayejikaza huangukia mbele, juu ya vifaa. Kula kabla ya kuingia, na usisimame magoti yakiwa yamekazwa.

Kipande cha kupelekwa maabara kiandikwe jina la mgonjwa kwenye chupa yenyewe, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.