Mwalimu Anajibu: Maskini wa Misericórdia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilifika Kisiwa cha Msumbiji nikaonyeshwa kanisa la Misericórdia, siku hizi makumbusho. Mtembeza wageni alisema wenye kanisa walikuwa Wareno waliosaidia maskini. Maskini gani, Wareno wenzao au sisi? Msomaji, Mtwara.

JIBU: Marahaba. Wenzao kwanza. Misericórdia ni chama cha Wakatoliki cha kusaidia wenye shida. Kilianzishwa Lisbon, Ureno, mwaka 1498 na Malkia Leonor, mjane wa Mfalme João wa Pili, na Wareno wakaenda nacho walikohamia: Goa kule India, Macau kule China (1569), Salvador kule Brazil. Wengi hudhani ni kazi ya mapadri. Siyo. Kiliongozwa na waumini wa kawaida, mabwana wakubwa na mafundi wa mikono, wakichagua mkuu wao kila mwaka, Julai 2. Walilisha wafungwa, waliuguza wagonjwa, walizika maiti, na waliwapa mayatima wa kike mali ya kuolewa nayo, maana kwa Wareno wa zamani mahari ilitoka upande wa bibi harusi.

Sasa fedha. Mreno akifia Goa, nduguye yuko Ureno, nani atamlindia mali? Misericórdia iliuza vitu vyake na kuwapelekea warithi fedha. Kwa uaminifu huo matajiri waliiachia wasia mnono, ili nao waombewe misa. Salvador fedha hizo zilikopeshwa kwa riba, hata kwa wenye mashamba ya miwa, na wengi hawakulipa! Miwa yenyewe ililimwa na watumwa kutoka Afrika, ndio hao jamaa zetu unaowauliza. Mtumwa akifa, chama kilikuwa na jeneza la peke yake la kumchukulia, duni, na bwana wake alitozwa ada. Mimi siwezi kuiita hiyo sadaka.

Ila nisiwanyime haki yao. Mwaka 1726 nyumba ya chama huko Salvador iliweka ukutani pipa la mbao linalozunguka. Mama alimlaza mtoto ndani, akagonga kengele, pipa likageuzwa, mtoto akapokelewa upande wa pili bila mtu kumwona aliyemleta. Wapo mama watumwa waliowapitisha watoto wao hapo, kwa sababu mtoto wa kuokotwa alihesabiwa mtu huru.