Dramu ya mtumba: tuanze na plastiki ya nje au matoazi?

SWALI: Bwana asifiwe, fundi. Mimi ni mpiga dramu katika kanisa la mabati hapa Kayole, Nairobi. Vijana tulichanga tukanunua seti ya mtumba ya vipande vitano kwa shilingi 18,000. Jina la kampuni lilishafutika. Plastiki nyekundu ya nje imefifia na kupasuka kidogo, na vyuma vina kutu. Sneya (ile dramu yenye waya chini) inalia kama debe, ule mchakacho wake hausikiki. Tomu ya chini (ile inayosimama kwa miguu mitatu) ina sauti nzuri lakini kuna kitu kinatetemeka ndani kila nikiipiga. Tumebakisha shilingi 14,000. Mwenzangu anataka tubandike plastiki mpya juu ya ile ya zamani ipendeze kabla ya kongamano la vijana mwezi wa Agosti. Mimi naona tununue matoazi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Amina. Mwenzako mzuie leo hii, kabla hajaenda kununua gundi. Wewe uko sahihi kuhusu matoazi, ila umeyatanguliza kabla ya zamu yake. Kuna kazi mbili mbele yake, kurekebisha mizinga na kubadilisha ngozi, na ya kwanza haitawagharimu hata shilingi 1,000.

Niseme kwanza kwa nini naikataa hiyo plastiki. Ngozi ya dramu (tunaiita ngozi hadi leo, ingawa tangu miaka ya 1950 ni plastiki ya Mylar, na kampuni ya Remo imekuwa ikiziuza tangu 1957) ina pete ya chuma inayoshuka kuuzunguka mzinga wa mbao kama kifuniko cha sufuria. Lazima icheze kidogo. Ukiiweka bila kuifunga unapaswa kuweza kuizungusha kwa vidole viwili. Mkibandika plastiki juu ya plastiki, nusu milimita kila upande inakuwa milimita nzima kwenye kipenyo, na pale plastiki inapopandana inazidi hapo. Pete inakwama upande mmoja. Hapo utakaza skrubu mpaka mkono uchoke na dramu haitashika sauti. Nimeletewa seti za namna hii, zinang'aa kama matatu mpya ya Umoinner, na tomu haiwezi kutoa noti moja iliyotulia.

Kama ni lazima zipendeze, fungueni vyuma vyote, mpeleke mizinga kwa hao hao wanaobandika stika za matatu, na stika iishie sentimita 2 kabla ya ukingo, juu na chini. Ile ringi ya chuma inayobana ngozi itafunika pengo. Lakini hiyo ni kazi ya mwisho kabisa, pesa zikibaki.

Sasa tuingie kazini. Piga picha kila kitu kwa simu kabla hujafungua skrubu moja. Skrubu za kila dramu ziingie kwenye mfuko wake. Usiseme utakumbuka.

Ngozi zikishatoka, tazama ndani ya mzinga. Kwenye seti za bei ya chini utakuta mbao laini zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, mara nyingi poplar au ile mbao ya Ufilipino inayoitwa luan. Watu huzidharau, na mimi siwaungi mkono. Mzinga wa poplar ulio mviringo na wenye ukingo ulionyooka unalia vizuri kuliko mzinga ghali uliopinda. Kwa hiyo pima. Chukua futi ya kukunja, pima kipenyo mara nne ukizungukia mzinga. Tofauti ya milimita 2 au 3 inavumilika. Ikizidi hapo, ngozi itabana upande mmoja na kulegea upande wa pili, na hakuna msasa utakaokusaidia.

Kama tabaka za mbao zimeachana, vuta gundi nyeupe ya mbao kwenye sirinji ya duka la dawa, ibonyeze ndani ya ufa, kisha ubane kwa jiliwa ukiweka vipande vya mbao pande zote mbili ili usiache alama. Iache siku nzima. Seremala yeyote wa Gikomba atakuazima jiliwa mkielewana.

Ukingo ndio moyo wa jambo lote. Pale ngozi inapogusana na mbao pana upana wa milimita chache tu, na sauti yote inapita hapo. Kiwandani, kwenye seti za bei nafuu, sehemu hii hukatwa haraka haraka, na baada ya miaka kumi ya kubebwa kwenye pikapu na kuangushwa huwa ina mabonde. Nenda kwa muuza vioo, nunua kipande cha kioo cha meza cha milimita 6 kinachoupita upana wa tomu yako kubwa. Kilaze mahali palipo sawa. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, simamisha mzinga juu ya kioo, weka tochi ya simu ndani, funika juu kwa blanketi, kisha uinamie pembeni. Mwanga ukipenya chini ya mbao, hapo kuna bonde. Weka alama ya penseli.

Dawa yake: gandisha karatasi za msasa namba 120 juu ya kioo kile kile, uweke mzinga, uuzungushe polepole bila kuugandamiza. Baada ya kila robo mzunguko badilisha mahali unaposhika, maana mkono wa mtu huelemea upande mmoja bila yeye kujua. Rudi kwenye tochi. Mwanga ukiisha, hamia msasa 180, halafu 240. Sasa juu ya ukingo patakuwa bapa, na hutaki pabaki hivyo. Funga msasa kwenye kibao kidogo, urudishe mteremko wa ndani wa karibu nyuzi 45 mpaka ile sehemu bapa ibaki nyembamba kama mstari, halafu uivunje makali kwa mkono. Mwisho sugua mshumaa kuzunguka ukingo mzima. Nta inaziba mbao na inaisaidia ngozi kuteleza unapokaza.

Ila sneya, upande wa chini, usiuguse! Pale waya zinapoingilia na kutokea, ukingo umechimbwa makusudi, bonde pana lenye kina cha milimita moja au mbili, ili waya zilale bapa juu ya ngozi. Mara ya kwanza mimi kufanya kazi hii niliona "kasoro" hiyo kwenye sneya ya mbao ya mteja, nikainyoosha kwa bidii mpaka ikapotea. Alipokuja kuichukua waya zilikuwa zinalia zenyewe bila kupigwa, na nilimlipa. Na kama sneya yenu ni ya bati, kama zilivyo nyingi za seti hizi, usiweke msasa upande wowote. Ifute tu.

Tukiwa hapo kwenye sneya: hiyo sauti ya debe nadhani naijua bila kuiona. Geuza dramu, uguse ngozi ya chini. Inapaswa kuwa nyembamba na angavu kama karatasi ya kufungia maua, unene wa mil 3 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ngozi ya kawaida ya juu ina mil 10, zaidi ya mara tatu. Mtu ngozi yake ya chini ikipasuka hununua yoyote ya inchi 14, inaingia, anafurahi. Lakini ngozi nene haitikisiki vya kutosha kuziamsha waya. Mkikuta ndivyo ilivyo, hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutoka kwenye zile 14,000. Muulize muuzaji ngozi ya chini ya sneya kwa jina hilo hilo, na ukatae akikuambia zote ni moja. Kagua pia waya zenyewe. Ukiona moja imejipinda na kutoka kwenye mstari, ikate kwa koleo uitoe, zilizobaki zitafanya kazi. Na wakati wa kupiga usizikaze sana. Waya zilizonyongwa hazichakachi.

Kutetemeka kwa tomu ya chini ni jambo dogo. Vile vikasha vya chuma vinavyopokea skrubu, kwenye seti za zamani, vina springi ndani, na springi iliyolegea huimba pamoja na dramu. Kigonge kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, utamsikia mwenye makosa. Kifungue, jaza pamba au sponji kuzunguka springi, ufunge. Kama si hapo, tazama vishikio vya miguu mitatu. Nati huwa imelegea au washa imepotea.

Skrubu zilizopotea ndizo zinazoniletea wateja wenye huzuni. Mtu anashuka Kirinyaga Road na skrubu mkononi, anapewa ya M6 (unene wa milimita 6) kwa kuwa inafanana. Skrubu za dramu nyingi zina hesi ya 12-24: unene wa milimita 5.5 hivi na hesi 24 katika kila inchi. M6 ni nene kidogo tu kuliko hiyo, na hesi zake zinakaribiana nazo, kwa hiyo ukiisukuma kwa nguvu inaingia na kula chuma laini cha ndani. Siku hiyo hiyo umeua kikasha ambacho hakiuzwi kivyake kwa urahisi. M5 nayo inachezacheza. Njia salama ni kuchukua skrubu kutoka dramu nyingine iliyochoka. Makanisa mengi yana moja stoo, na mchungaji akiombwa vizuri hutoa.

Kutu ni kazi ya jioni moja. Loweka skrubu kwenye mafuta taa usiku kucha, zifute, uzipake grisi kidogo kabla ya kurudisha. Ringi za kromu zisugue kwa karatasi ya foili ya jikoni iliyolowa maji, iliyokunjwa kama donge. Foili ni laini kuliko kromu kwa hiyo haikwaruzi, na kutu inatoka. Vijana hutumia soda ya kunywa, na ni kweli asidi yake inalainisha kutu, ila wakisahau kuosha wanaachia sisimizi karamu. Kama seti ilikaa Mombasa na chumvi imeitoboa kromu vidotovidoto, achana nayo. Haitarudi, na haiharibu sauti.

Pesa zilizobaki ziende kwenye ngozi za juu, kwa mpangilio huu: sneya, kiki (ile kubwa ya kupigwa kwa mguu), kisha tomu. Sneya iwe ya tabaka moja yenye mipako myeupe. Kwa tomu, ndani ya kanisa la mabati, ningechukua za tabaka mbili, kwa sababu mabati yanarudisha kila sauti na hutaki tomu iendelee kuvuma wakati mhubiri ameshaanza sala. Ngozi za chini za tomu, kama hazijapasuka, ziosheni kwa maji na sabuni tu. Kwenye kiki, toeni hayo mablanketi ninayojua mmeyajaza. Taulo moja lililokunjwa, likigusa kidogo ngozi ya mbele na ya nyuma, linatosha.

Kukaza: skrubu zote kwa vidole mpaka ziguse, halafu robo mzunguko kwa ufunguo wa dramu, ukivuka kwenda skrubu iliyo mkabala, kama unavyofunga nati za gurudumu la gari. Kisha gonga karibu na kila skrubu, sentimita 3 kutoka ukingoni, ukilinganisha noti. Ngozi ya chini ya tomu iwe na noti ya juu kidogo kuliko ngozi ya juu. Ya chini ya sneya iwe imekaza sana.

Ndipo tunafika kwenye matoazi. Mbao inarekebishika, chuma kinasuguliwa, lakini tuazi la shaba na zinki, lile linalokuja na seti za bei ya chini, halitakuwa lingine hata uling'arishe namna gani. Mazuri ni ya shaba na bati: ya B8 yana asilimia 8 ya bati, ya B20 yana 20. Msinunue seti nzima kwa pupa. Changeni tena, mnunue haihati (yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) peke yake, ya mtumba, maana ndiyo inayopigwa ibada nzima. Kabla ya kulipa pitisha ukucha ukingoni kutafuta ufa, na utazame tundu la katikati: likiwa limerefuka kama tundu la ufunguo, mwenyewe aliliacha likisagana na chuma cha stendi. Yenu msiyafanyie hivyo. Kipande kidogo cha mpira wa maji, kikivikwa kwenye stendi, kinazuia.

Ngozi mpya hulegea wiki ya kwanza. Mkizifunga Jumatano, rudieni kuzikaza Jumamosi jioni, na Jumapili ufunguo uwe mfukoni mwako.