Jibu: Kwa nini mama kapewa letrozoli wakati hedhi ilishakoma?

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza letrozoli, dawa ya kushusha estrojeni (homoni ya kike), ni ya nini ikiwa mama mwenye saratani ya titi alishakoma hedhi. Ovari zimelala kweli, lakini kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kilichomo kwenye mafuta ya mwili, misuli na hata titi lenyewe, bado hugeuza androjeni (homoni za kiume, ambazo wanawake pia wanazo) kuwa estrojeni. Uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo, hustawi kwa estrojeni hiyo. Letrozoli, miligramu 2.5 mara moja kwa siku, hukizuia kimeng'enya hicho. (Kwa anayepata hedhi haitoshi peke yake: ubongo ukiona estrojeni imeshuka, huzichochea ovari zaidi.) Maungio yanaweza kuuma na mifupa hudhoofika, kwa hiyo ombeni kipimo cha uimara wa mifupa. Tafadhali, asiache dawa kimyakimya; daktari anaweza kumbadilishia anastrozoli au eksemestani, dawa nyingine za kundi hilohilo.